Vipande vya DNA Vinavyohama: Kutoka Punje ya Mahindi Hadi UTI Sugu

Chukua hindi la kienyeji ambalo punje zake nyeupe zina madoa ya zambarau. Mnunuzi wa nafaka pale Tandale huenda akalitupa pembeni akidhani lina ugonjwa. Mara nyingi si ugonjwa. Kipande cha DNA kimejipachika katikati ya jeni ya rangi na kuivuruga, ndiyo maana punje ni nyeupe. Punje inapokua, kipande kile huchomoka kwenye seli mojamoja. Jeni hupona, na seli zote zitakazozaliwa na hiyo huwa zambarau. Kikichomoka mapema doa huwa kubwa, kikichelewa hubaki nukta tu.

Barbara McClintock alisoma madoa hayo nchini Marekani miaka ya 1940, akachapisha matokeo mwaka 1950, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Wengi walichelewa kumwelewa, kwa kuwa jeni zilidhaniwa kukaa kwenye kromosomu kama shanga kwenye uzi.

Vipande hivi huitwa transposoni. Vingine hukatwa kwa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli) chao wenyewe na kuhamia kwingine, kama mpangaji anayehama na vyombo vyake vyote. Vingine hutoa kopi: cha asili hubaki palepale, nakala yake ya RNA hugeuzwa kuwa DNA na kupachikwa mahali papya. Kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA ni cha aina ileile inayotumiwa na virusi vya UKIMWI, na ndicho kinachozuiwa na dawa kama tenofovir na lamivudine.

Sisi binadamu tumejaa aina hii ya pili. Kati ya herufi takriban bilioni 3 za jenomu yetu, yaani DNA yetu yote, karibu asilimia 45 zimetokana na transposoni, ilhali sehemu zinazobeba maelekezo ya protini hazifiki asilimia 2. Transposoni iitwayo L1, yenye herufi kama 6,000, ina nakala zipatazo 500,000, lakini nyingi ni vipande tu: kunakili huanzia mkiani na mara nyingi hukatika kabla ya kufika kichwani. Zinazoweza bado kujinakili ni kama 80 hadi 100 kwa mtu. Nyingine, Alu, ni fupi, herufi 300 hivi. Haina kimeng'enya chake, hudandia cha L1, na kwa kudandia huko imefikisha nakala zaidi ya milioni 1.

Alu unaweza kuiona kwa macho maabara. Jeni ya ACE, ya kimeng'enya kinachohusika na shinikizo la damu, kwenye kromosomu ya 17, ina Alu ya herufi 287 kwa baadhi ya watu na wengine hawana. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) zikiwekwa pande zote mbili, PCR, yaani mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, kwa mizunguko 30 hadi 35 hutoa kipande cha herufi 490 kwa nakala yenye Alu na 190 kwa isiyo nayo. Ukivipitisha kwa umeme kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 2, kifupi hukimbia mbele. Aliyerithi zote mbili huonyesha mistari miwili.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kipande kifupi hunakiliwa kwa wepesi zaidi, hivyo kile kirefu hufifia na mwenye nakala mbili tofauti huandikwa kimakosa kuwa hana Alu kabisa. Kila sampuli iliyotoa mstari wa 190 peke yake irudiwe kwa praima inayoshika ndani ya Alu yenyewe, na pembeni iwepo mirija ya maji matupu kugundua uchafuzi. Tunasisitiza pia: jibu hilo halimwambii mtu kwamba ataugua.

Faida kubwa ya Alu ni kufuatilia asili. Alu ikishaingia ni nadra sana kutoka bila kuacha alama, kwa hiyo wenye Alu ileile kwenye herufi ileile karibu kila mara wameipata kwa babu mmoja.

Kuingia huku hudhuru pia. Mwaka 1988 ilibainika kwamba L1 iliyojipachika kwenye jeni ya kugandisha damu iliwaletea watoto wawili himofilia A, ilhali wazazi wao hawakuwa nayo mahali hapo. Lakini vimeng'enya vya RAG, vinavyochanganya vipande vya jeni ili tupate kingamwili za kila namna, asili yake ni transposoni ya kale. Kuita vipande hivi takataka ni kukosea, ingawa vingi havifanyi kazi yoyote tunayoijua.

Kwa bakteria mambo huenda kasi zaidi. Kipande kinachohama kiitwacho ISEcp1 kilibeba jeni za CTX-M, zinazotengeneza kimeng'enya cha kuvunja antibiotiki, kutoka kwenye kromosomu ya bakteria wa jamii ya Kluyvera, kikaziwekea na swichi ya kuziwasha kwa nguvu. Leo jeni hizo husafiri kwenye plasmidi (vipete vya DNA ambavyo bakteria hupeana), zikiwapa E. coli, bakteria wanaosababisha UTI nyingi, uwezo wa kuvunja antibiotiki ya ceftriaxone. Dozi ya antibiotiki ya kubahatisha haiundi jeni hiyo: inaua wasio nayo na kuwaachia nafasi wenye nayo.

Kwa hiyo UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ikirudi baada ya dozi, omba kipimo cha kuotesha bakteria wa mkojo ili ijulikane dawa ipi inawaua, kabla ya kumeza dawa nyingine. Jisafishe, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye kopo safi la maabara, na ufikishwe ndani ya saa 2. Kwa joto la Dar es Salaam, mkojo uliokaa kwenye foleni huzalisha bakteria, na hesabu inayosomwa maabara haitakuwa ya kibofu chako.