Kabla hujauliza tochi ina lumeni ngapi, uliza ina betri gani

Mzee anayelinda ghala la mbao nyuma ya kibanda changu hapa Ngamiani, Tanga, alinijia asubuhi moja na tochi yake ya tatu kwa mwaka ule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu itazame na hii. Jana saa nane usiku imenizimikia katikati ya uwanja, mbwa wanabweka, sijui wanambwekea nani."

Boksi alikuwa nalo, amelitunza kama cheti cha ndoa. Limeandikwa lumeni 50,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Betri nayo inajigamba kuwa na mAh 9,900, yaani kiasi cha umeme inachodai kubeba. Nikaichomoa nikaiweka juu ya mizani ndogo ninayopimia vipuri: gramu 27. Sikuhitaji hata kushika mita.

"Mzee, hapa umeuziwa ganda."

"Ganda lenyewe mbona linawaka?"

"Linawaka. Tatizo ni mpaka saa ngapi."

Nimetengeneza vifaa vya elektroniki miaka mingi, na siku hizi tochi za kuchaji zinajaa mezani kwangu kuliko redio. Kila anayetaka ushauri wa tochi ya kutembea nayo, ile ya kukaa mfukoni au kwenye mkoba kila siku, huanza na swali lilelile: ina mwanga kiasi gani? Namjibu kwa swali: ina betri gani, na je, betri inatoka? LED ya siku hizi, kile kitaa chenyewe kinachotoa mwanga, haifi kirahisi. Tochi ninazofungua, ambayo LED yenyewe imeungua ni ya kutafuta. Zilizobaki ni betri, tundu la chaji au swichi.

Tuanze na betri basi, na hapo nitakaa kidogo. Tochi nyingi za mkononi hutumia seli ya lithiamu iitwayo 18650. Namba hiyo si modeli wala si nguvu, ni vipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65, na ile sifuri ya mwisho inasema umbo lake ni la bomba. Anaye kaka yake mnene, 21700, wa milimita 21 kwa 70, na mdogo wao 14500 anayelingana kwa ukubwa tu na betri ya saa ya ukutani. Hizi za kawaida zikijaa husoma volti 4.2. Zikishuka chini ya volti 3 hazina tena la maana ndani, na ukizidi kuzikamua unaziua.

Bomba la ukubwa ule lina nafasi yake, na teknolojia inayouzwa leo inaingiza humo mAh 3,500 hivi. Hizo ndizo seli bora, za akina Panasonic, LG na Samsung. Ya 21700 hufika mAh 5,000 na kupita kidogo. Kwa hiyo ukiona 18650 imeandikwa 6,800 au 9,900, usibishane na muuzaji, irudishe mezani. Ni sawa na kuambiwa ndoo ya lita 20 imebeba maji lita 60. Na lebo ya kampuni kubwa peke yake isikutie moyo, kwa maana lebo ni plastiki tu, inachapishwa popote.

Mizani ndiyo inayoumbua. Seli halali ya 18650 huwa na gramu 44 hadi 50, kwa sababu ndani mna karatasi nyembamba za shaba na alumini zilizoviringishwa na kubanwa kweli kweli. Ya gramu 27 ni seli ndogo iliyovishwa ganda kubwa. Niliwahi kufungua moja nikakuta nafasi iliyobaki imeshindiliwa unga mweupe. (Usijaribu nyumbani. Seli ya lithiamu ikichanwa vibaya hulipuka moto, na moto wake si wa kuzima kwa kikombe cha maji.) Kama duka la tochi halina mizani, sonara wa jirani anayo. Mimi nimeshawatuma watu kwa sonara, wakaenda wakicheka na kurudi wamenuna.

Ukishapata seli nzuri, fanya hesabu. mAh 3,500 kwa volti 3.6 ni wati-saa 12 na ushei. LED ya kawaida, ukitoa kinachopotea kwenye sakiti yake, inakupa kama lumeni 100 kwa kila wati moja. Zilizo bora hupita hapo. Basi lumeni 1,000 zinakula wati 10, na betri nzima inakwisha kwa saa moja na robo hivi. Lumeni 300 zinakwenda saa nne. Lumeni 50, nusu wati tu, zinawaka usiku na mchana kutwa. Na zile 50,000 za mzee? Zinadai wati 500, yaani nusu ya pasi ya umeme ndani ya kiganja chako. Tochi ile ingeweza kuchemsha chai.

Watu hawaniamini nikiwaambia lumeni 50 zinatosha kutembea. Jaribu. Lumeni 5 zinakufikisha msalani bila kuamsha watoto. 30 hadi 60 zinakuonyesha madimbwi na mawe ya njia mbovu. 300 zinatosha kumulika uwanja na kujua ni nani anayegonga geti. Ukipanda juu ya hapo unatumia kwa sekunde chache, halafu unashuka. Ndiyo maana nikishika tochi mpya sikimbilii mwanga wake mkubwa. Natafuta ule wa chini kabisa, kisha naangalia inawaka kwenye mwanga upi ukiibonyeza mara ya kwanza. Ile inayokulazimisha kupita kwenye kumeta-meta kwa disko kila unapotaka kupunguza mwanga siinunui hata kwa nusu bei.

Kampuni zinazojiheshimu hutoa vipimo kwa kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL 1, iliyotoka mwaka 2009. Utaona vialama vidogo kwenye boksi: saa, mwale, tone la maji. Ni jambo jema, ila lisome kwa jicho la mnunuzi. Umbali wa mwale huhesabiwa mpaka pale mwanga unaoangukia kitu unapobaki laksi 0.25, kiasi cha mbalamwezi. Mbalamwezi itakuonyesha kuna mtu amesimama kule, haitakuonyesha ameshika nini. Mimi nagawa kwa mbili: boksi likisema mita 200 nahesabu 100, maana ukikata umbali nusu mwanga unakuwa mara nne. Muda wa kuwaka nao huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo tochi inaweza kuanza na lumeni 1,000, ikateremka hadi 300 baada ya dakika mbili kwa sababu ya joto, ikaendelea hivyo saa tatu, na boksi likaandika kwa herufi kubwa: lumeni 1,000, saa 3. Hawajadanganya. Wamekuachia tu uamini unachotaka. Kule kujishusha kwenyewe si ubovu, tochi inajilinda isijiunguze. Ubovu ni ile isiyojishusha mpaka gundi ya ndani inanuka.

Sasa zile tochi za plastiki zenye plagi inayochomoza mgongoni, unachomeka moja kwa moja ukutani. Wengi tunazo, ni za bei nafuu, na ndizo zinazowekwa kabatini kusubiri umeme ukatike. Nyingi ndani zina betri ya risasi na asidi, ya volti 4. Betri ya aina hii haipendi kuachwa bila chaji: sahani zake hushikwa na chumvi ngumu ya salfati, na baada ya miezi michache ya kusahauliwa haipokei tena kitu. Umeme unakatika, unaifuata kabatini, imekufa zamani. Lakini kinachonitisha zaidi ni jambo jingine. Nyingi hazina transfoma. Umeme wa ukutani hupunguzwa kwa kapasita moja na dayodi chache, maana yake ikiwa kwenye chaji vyuma vya ndani vimeungana na zile volti 230. Ganda likiwa na ufa, au mtoto akiikamata ikiwa imechomekwa, mengine sitaki kuyaandika. Na kwa kuwa plagi yake ina meno mawili na soketi zetu zina matundu matatu, utamkuta mtu anachokonoa tundu la juu kwa kalamu. Kama unayo, ichaji ikiwa imezimwa, mbali na watoto, na usiimulikie huku inachaji.

Tochi ya USB-C, yenye tundu la chaji kama la simu mpya, imetuondolea balaa hilo, ikaleta kero ndogo. Watu huniletea tochi mpya wakisema haichaji, nami naichomeka kwenye waya wangu wa zamani, inachaji. Siri iko kwenye tundu. Kiwango cha USB-C kinataka vipinga viwili vidogo vya omu 5,100 pale ndani, ili chaja itambue kuna kitu kinachoomba umeme. Mtengenezaji wa tochi rahisi amebana senti zake, hakuviweka. Chaja mpya ya simu, yenye tundu la C na waya wa C kwa C, haitoi volti hata moja mpaka ivione. Waya wa zamani wenye kichwa kipana cha USB hauna maswali hayo, unatoa tu. Tochi nzima, mnunuzi ameshaghadhibika. Kwa hiyo nenda dukani na chaja yako mwenyewe na waya wake, chomeka pale pale, subiri taa ya chaji iwake ndipo utoe hela. Wachache nimewalehemea vipinga hivyo chini ya kioo cha kukuzia, lakini kazi hiyo inahitaji macho ya kijana, na yangu yanaaga.

Kama betri haitoki, unanunua tochi ya miaka miwili mitatu. Lithiamu huzeeka hata ukiitunza. Tochi ya kwenye funguo nasamehe, haina nafasi. Nyingine zote nataka nifungue mkia kwa mkono, nitoe seli, niweke nyingine inayopatikana mjini. Angalia pia urefu: seli yenye kisakiti cha ulinzi hufika milimita 69 au 70, na kuna tochi haziimezi. Itie ndani mbele ya muuzaji.

Swichi nilijifunza kwa gharama ya suruali. Nilikuwa kwenye daladala, tochi ya lumeni 1,000 mfukoni, swichi yake ni ya kugusa ubavuni, laini mno. Nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua, nikadhani ni breki. Nilipopeleka mkono pajani nikajua ni mimi. Tundu la ukubwa wa shilingi mia, na alama ninayo mpaka leo. Tangu hapo nachagua swichi ya mkiani inayobonyea kwa kishindo na iliyozama kidogo ndani ya kingo zake. Ile ya ubavuni, kabla ya kuitia mfukoni nalegeza mkia robo mzunguko umeme ukatike. Jaribu hilo dukani pia, maana kuna tochi ambazo thredi zake hazikupakwa vizuri utando wa kuzuia umeme, unalegeza na bado inawaka.

Kuhusu maji sina mengi. Kwenye alama za boksi, IPX4 ni ya mvua, IPX7 imepimwa kuzama mita 1 kwa dakika 30. Sisi wa pwani adui wetu ni hewa ya chumvi, inayogeuza springi ya mkiani kuwa ya kijani hata kama tochi haijawahi kuona tone. Futa kwa raba ya penseli, paka oringi, ule mpira mwembamba wa duara unaozuia maji, grisi kidogo ya silikoni, funga.

Mafundi umeme wenzangu nawaongezea moja: tafuteni tochi yenye CRI 90 au zaidi. Hicho ni kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kama zilivyo. Mwanga wa bei rahisi, ule mweupe wa kuelekea bluu, unafifisha rangi nyekundu. Juu ya dari nimewahi kushika waya mwekundu chakavu nikauona wa kahawia. Nyumba ile ilikuwa na nyaya za rangi za zamani na za sasa zimechanganywa, na kukosea pale hakurudiwi. Mwanga wenye CRI kubwa hupunguza lumeni kidogo. Nazitoa kwa roho safi.

Mzee nilimchagulia tochi ya alumini inayobeba 18650 moja, yenye mianga minne, wa chini kabisa hafifu kama wa mshumaa. Akageuza boksi mara mbili.

"Elfu moja tu? Mwanangu, ile ilikuwa ya elfu hamsini."

"Chukua zote mbili mzee. Zichaji zijae, uziwashe saa moja jioni, hii kwenye mwanga wa pili, uziweke juu ya mbao. Kesho uniambie."

Asubuhi alikuja kabla sijafungua kibanda. Ile ya elfu hamsini ilianza kufifia saa tatu, na kabla ya saa nne usiku ilikuwa giza. Mpya ameizima mwenyewe baada ya adhana ya alfajiri, kwa kuihurumia. Ya zamani akaniachia, hakutaka kurudi nayo. Betri nimeitenga pembeni kwenye mchanga, kioo na kiakisi chake vizima kabisa, vipo kwenye kopo la vipuri vikisubiri mwenye shida navyo. Boksi lenye namba kubwa amekwenda nalo nyumbani.