Jangwa si mchanga na jua tu: tunayowakosesha watoto

Mwambie mtoto wa darasa la pili achore jangwa. Atachora vilima vya mchanga wa njano, jua kubwa, ngamia mmoja na dungusi kakati lenye mikono miwili. Picha hiyo ameitoa kwenye katuni na vitabuni, na sisi wazazi na walimu tumeiacha ikae. Ni haki yake kupewa iliyo bora zaidi.

Dhana: jangwa ni mahali penye joto kali.

Jangwa hupimwa kwa uhaba wa mvua. Kipimo kinachotumika sana ni mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Tarakimu hiyo peke yake haimwambii mtoto kitu, kwa hiyo mpe rula. Isimamishe ukutani, ianzie sakafuni, umwonyeshe alama ya sentimita 25. Mvua yote ya mwaka mzima, kama ingetuama bila kukauka wala kuzama ardhini, haifiki hapo. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000. Maji hayo yangemfika mtoto huyo mabegani.

Kwa kipimo hicho, jangwa kubwa kuliko yote duniani ni Antaktika, lenye kilomita za mraba milioni 14 hivi. Theluji inayoanguka katikati ya bara hilo ni haba mno. Barafu yake ni nene kwa sababu haiyeyuki, imelundikana kwa maelfu ya miaka. Sahara, yenye takriban milioni 9, ndiyo kubwa kati ya majangwa ya joto. Hata huko usiku watu hujifunika mablanketi, maana hewa kavu na anga lisilo na mawingu haviwezi kushika joto la mchana.

Dhana: jangwa lote ni mchanga.

Mchanga umefunika robo hivi tu ya Sahara. Kwingine ni changarawe, nyanda za mawe na milima mirefu. Emi Koussi, volkano iliyoko Chad, ina zaidi ya mita 3,400.

Kwa watoto wa Afrika Mashariki ningeanza na jangwa la Chalbi, katika kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kabla ya kuitaja Sahara. Ni uwanda mpana wa udongo uliopasukapasuka na chumvi nyeupe, kwa kuwa zamani palikuwa ziwa. Mvua kubwa ikinyesha, sehemu ya uwanda huo hugeuka maji tena kwa muda. Na makorongo makavu ya huko, ambayo wenyeji huyaita laga, yanaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, huku uliposimama hakuna hata wingu. Mtoto ajue hili mapema: kwenye laga halalwi.

Vilima vya mchanga navyo vina elimu yake. Karibu na Olduvai, Ngorongoro, kipo kilima cha mchanga mweusi wa majivu ya volkano, chenye umbo la mwezi mwandamo, kinachohama mita kadhaa kila mwaka. Jinsi kinavyohama unaweza kuonyesha nyumbani. Weka mchanga mkavu uliochekechwa kwenye sinia, mtoto avae miwani, apulize taratibu kwa mrija kutoka upande mmoja tu. Punje zitapanda mteremko wa upande wa upepo, zikifika juu zitaporomoka upande wa pili. Upande mmoja utabaki wa kulala, mwingine wa kusimama, na kilima kizima kitakuwa kimesogea.

Dhana: nundu ya ngamia ni tangi la maji.

Nundu ni mafuta. Ngamia akikosa malisho huyatumia, na nundu hulegea. Ukame huustahimili kwa njia nyingine: mwili wake huvumilia kupata joto mchana kabla ya kuanza kutoa jasho, mkojo wake ni mzito, na pua yake hurudisha unyevu wa pumzi. Akifika kisimani anaweza kunywa kama lita 100 ndani ya robo saa.

Dhana: jangwani hakuna watu.

Hii ndiyo inayoniuma. Wagabra wanaishi pembezoni mwa Chalbi na ngamia wao, wanajua kila kisima na msimu wake. Kalacha, makazi yaliyo ukingoni mwa jangwa hilo, ina chemchemi na mikoche. Watoto wa huko husoma vitabu vilevile vinavyoeleza kwao kama mahali patupu. Wala Sahara haikuwa kavu siku zote: kwenye miamba ya Tassili n'Ajjer, Algeria, kuna michoro ya kale ya ng'ombe na viboko, kutoka enzi ambayo eneo hilo lilikuwa na majani na maziwa.

Na lile dungusi kakati?

Aina yenye mikono, ambayo watoto huichora, asili yake ni Amerika. Ngamia wa Sahara hakukutana nayo kwao. Kwenye mchoro wa jangwa la Afrika, mtoto achore mgunga: majani madogo yasiyopoteza maji mengi, miiba mirefu, na mizizi inayozama chini sana kutafuta maji. Wakati anachora, muulize mizizi hiyo aishushe hadi wapi kwenye karatasi.