Dawa ya mbu haimalizi utitiri wa mimea ya ndani

Kwa miaka mingi umekuwa ukizunguka katika makundi ya mtandaoni ujumbe unaodai kwamba mmea wa ndani ukiota vidoa vya njano na utando mwembamba, dawa yoyote ya mbu ikipulizwa mara moja humaliza tatizo. Dai hilo si sahihi, na tunawaomba wanaolipokea wasilisambaze.

Dalili hizo ni za utitiri, kiumbe mdogo sana anayeishi kwenye majani. Utitiri si mdudu, bali ni wa jamii moja na buibui na kupe, kwa hiyo dawa nyingi za wadudu hazimdhuru sana, ilhali huwaua maadui wake wa asili. Anayetaka kuhakikisha ashike karatasi nyeupe chini ya jani na kuligonga jani taratibu: vinukta vitakavyoanza kutembea, kila kimoja kama nusu milimita, akivitazama kwa kioo cha kukuzia atahesabu miguu minane, ilhali mdudu ana sita. (Aliyetoka kuanguliwa ana sita, jambo linalowachanganya hata waangalifu.)

Mkanganyiko mkubwa zaidi hutokana na mayai. Baada ya kupuliza, watembeao hupungua na mtu huamini amefanikiwa, kumbe mayai yaliyo upande wa chini wa majani yamesalimika, na penye joto huanguliwa baada ya siku chache. Ndiyo maana kinachosaidia ni kutenga mmea ulioathirika, kuosha majani kwa maji pande zote mbili, kisha kupaka sabuni maalumu ya mimea na kurudia kila baada ya siku 3 hadi 5, kwa wiki 2 au 3.