"Siku tano" si hatua: dhana potofu kuhusu vimeng'enya vya mabuu wa nzi wa matunda

"Mabuu hawa wana siku tano, kwa hiyo wote wako hatua ya tatu, twende tukapime." Hapana, msiende.

Buu hupitia hatua tatu, akijivua gamba kati yake, na hatua ya tatu peke yake huchukua kama saa 48 katika nyuzijoto 25 za Selsiasi. Ndani ya saa hizo buu anakula, anaacha kula, anapanda ukuta wa chupa, na ekdisoni, homoni ya kujivua gamba, inaiamrisha kila ogani kivyake. Tezi za mate huanza kutengeneza gundi katikati ya hatua, huimwaga buu anapojibandika ili awe pupa, na takriban saa 14 baadaye zinavunjwa. Alikoholi dehidrojenasi (kimeng'enya kinachovunja alikoholi) ya tishu ya mafuta hupanda kuelekea mwisho wa ubuu, kisha hushuka kwenye pupa. Saga wote pamoja, utapata wastani wa buu asiyekuwapo.

Umri nao hudanganya: chupa iliyosongamana huchelewesha, na katika nyuzijoto 18 muda hukaribia maradufu. Tupa mayai ya saa ya kwanza, maana jike huweza kuzuia tumboni yaliyokwisha kurutubishwa, yakaanza kukua kabla ya kutagwa. Kusanya ya saa 2 zinazofuata. Halafu anza kuhesabu upya tangu buu ajivue gamba mara ya pili. Matundu ya kupumulia ya mbele yanafanana na rungu katika hatua ya pili. Katika ya tatu yamechanua kama vidole. Chagua waliojivua kila baada ya saa 2. Kwa wa mwishoni, tia rangi ya bromofenoli buluu asilimia 0.05 kwenye chakula: utumbo wa buluu iliyokolea kwa buu anayetangatanga, bado saa 12 hadi 24 ajibandike; ukiwa mtupu, saa 6 au pungufu.

"Utumbo umekuwa buluu kwa X-gal, jeni langu linafanya kazi." X-gal ni kemikali inayogeuka buluu ikikatwa na kimeng'enya beta-galaktosidasi, na utumbo wa kati una beta-galaktosidasi yake, inayopenda asidi. Tumia pH 7.2 hadi 7.5, na kando weka mabuu wasio na lacZ (jeni la bakteria la kimeng'enya hicho, linalopandikizwa kama alama), muda uleule. Bila hao, picha ni pambo tu.

"Mchanganyiko umekuwa mweusi, mrija ulikuwa mchafu." Hiyo ni fenoloksidasi, kimeng'enya cha buu mwenyewe kinachotengeneza rangi nyeusi. Kemikali ya feniltiourea kidogo kwenye bafa (mmumunyo wa kutunza pH) ya baridi ya barafu huizuia.

"mRNA nyingi, kimeng'enya kingi." mRNA ni nakala ya maagizo ya jeni tu, si kimeng'enya chenyewe. Pima kimeng'enya.

"Glutaraldehidi usiku kucha hutunza tishu vizuri." Kemikali hii ya kugandisha tishu hutunza tishu, ndiyo, lakini kimeng'enya kimekufa. Asilimia 1, dakika 10 hadi 15, kisha osha mara tatu.