Je, wajua "art" ya "Our Father, who art in heaven" si sanaa?

Nilipokuwa darasa la tano tulisali kwa Kiingereza kila Ijumaa asubuhi, mstarini. "Our Father, who art in heaven." Mimi nilijua "art" moja tu, ile ya penseli za rangi, kwa hiyo kwa miaka kadhaa niliamini kwamba Mungu ni msanii na karakana yake iko juu. Hakuna aliyenisahihisha kwa sababu sikumwuliza mtu.

Kumbe neno lile ni kitenzi. I am, thou art, he is. "Art" ilitumika kwa mtu mmoja unayezungumza naye, na tunaposema "Baba yetu uliye mbinguni", ile u- ya "uliye" ndiyo inayofanya kazi ya "thou". Katika Kiingereza cha kale kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, iliandikwa "eart", na ni ndugu wa "are" ya leo. "Art" ya sanaa ina asili ya Kilatini na ilipitia Kifaransa. Zimekutana kwenye tahajia tu.

Sisi humtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi: unakwenda, anakwenda. Waingereza wa zamani walimwashiria mkiani pia: thou goest, he goeth. Mwisho wa -est ni wewe, wa -eth ni yeye. Mjerumani bado anasema "du hast" pale Mwingereza aliposema "thou hast", maana lugha hizo ni za ukoo mmoja. Hiyo t ya -est ina kisa chake. Zamani zaidi mwisho ulikuwa -s peke yake, lakini kiwakilishi "thu" (ndiyo "thou" ya baadaye) kilipenda kufuata kitenzi, hasa katika maswali. Kwa kusemwa haraka haraka viwili hivyo viligandana, na kiwakilishi kilipoondoka kiliacha t yake nyuma.

"Hath" ni "haveth" iliyobanwa, na "doth" ni "doeth" iliyobanwa. Baadaye waandishi waligawana kazi: "doth" ikawa kitenzi kisaidizi, "doeth" ikabaki kwa kutenda kwenyewe. Usizisome kama zilivyoandikwa. "Doth" hutamkwa karibu na "dath" na "saith" karibu na "seth", kwa th ile ya thelathini. Sauti hiyo zamani ilikuwa na herufi yake moja, þ, iliyoitwa mwiba. Wachapaji wa kwanza wa Uingereza walitumia seti za herufi kutoka Ulaya bara ambazo hazikuwa na mwiba, wakaweka y badala yake. Ndiyo sababu baa za Uingereza zina mabango ya "Ye Olde": hiyo "ye" ni "the" tu.

Mtandaoni watu hupachika -eth popote ili sentensi inukie ukale. "I loveth thee" ("thee" ni "thou" anapotendewa). "They hath come." Kwa aliyeisoma lugha hiyo, hii ni sawa na kusikia mtu akisema "mimi anakupenda" na "wao amekuja". Kwenye Biblia ya King James, -eth ni ya yeye. Basi.

Swali linalobaki ni kwa nini leo wanasema "goes" na si "goeth". Jibu limetoka kaskazini mwa Uingereza. Katika karne ya 10, padri mmoja aliandika tafsiri ya neno kwa neno katikati ya mistari ya Injili za Lindisfarne, kitabu cha kale cha Injili kwa Kilatini, kwa lahaja ya huko, na ndani yake tayari kuna vitenzi vinavyoishia na -s. Kusini walishika -eth. Ile -s ikashuka polepole, karne baada ya karne, na kufikia miaka ya 1590 London ilikuwa inazitumia zote mbili.

Tazama Shakespeare katika The Merchant of Venice, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliileta kwetu kwa jina la Mabepari wa Venisi. Portia anasema kuhusu huruma: "It blesseth him that gives and him that takes." Kwenye mstari mmoja kuna "blesseth", kisha "gives" na "takes". Shakespeare hakusahau sarufi. "Giveth" ina silabi mbili, "gives" ina moja, naye alikuwa anahesabu mizani. Mshairi wa Kiswahili anaijua hila hii kwa majina yake: akihitaji kupunguza anafanya inkisari, "nimekuja" inakuwa "mekuja", akihitaji kuongeza anafanya mazida, "enda" inakuwa "enenda".

King James ilipotoka mwaka 1611 ilibaki na -eth, kwa sehemu kwa sababu watafsiri wake walichota sana kutoka kwa William Tyndale, ambaye Agano Jipya lake lilichapishwa mwaka 1526. Ilizaliwa ikiwa tayari na lugha ya babu. Mwaka 1643 mwalimu Richard Hodges alieleza kwamba ingawa watu huandika "leadeth" na "maketh", mdomoni husema "leads" na "makes".

"Thou" nayo iliuawa na adabu. Kwa kuiga Kifaransa, Waingereza walianza kumwambia mkubwa mmoja "you", yaani ninyi, na "thou" ikabaki ya rafiki, mtoto, mtumishi na Mungu. Ukimwambia mtu mzima asiyekuzoea, umemtukana. Kwenye kesi ya uhaini dhidi ya Walter Raleigh mwaka 1603, mwendesha mashtaka Edward Coke alimrushia "I thou thee, thou traitor!", akaigeuza "thou" kuwa kitenzi cha kudharau. Waquaker, dhehebu la Kikristo lililokataa kuwatukuza wakubwa, waliposhika "thee" na "thou" kwa kila mtu, hata kwa mahakimu, walikuwa wanatafuta matatizo na waliyapata. Wengine waliona salama zaidi kumwita kila mtu "you". Bila "thou", -est ikakosa kazi.

Hasara yake utaiona kwenye Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani "hath desired to have you", kisha "I have prayed for thee". "You" ni mitume wote, "thee" ni Simoni peke yake. Ukiweka "you" mara mbili, kama Kiingereza cha sasa kinavyolazimisha, msomaji anadhani ni Simoni mwanzo hadi mwisho, na baadhi ya tafsiri mpya zimebidi kuandika "all of you" kuziba pengo. Fungua Union Version ya Kiswahili mahali hapo: "amewataka ninyi", halafu "nimekuombea wewe".