Kibali cha Kupanda Kilimanjaro Huhesabiwa kwa Siku: Usizipunguze

Kila msimu wa kiangazi unapokaribia, maswali yanayotufikia sisi wa uhifadhi hufanana. Kibali cha kupanda Mlima Kilimanjaro kinaombwa wapi? Kinachukua muda gani? Je, mtu anaweza kufika getini asubuhi na begi lake mgongoni, akalipa, akaingia? Hili la mwisho ndilo jepesi kujibu: hawezi. Mengine yanahitaji maelezo, kwa sababu wengi hukichukulia kibali kama tiketi ya kuingilia, na kwa kukichukulia hivyo hukata siku ambazo mapafu na kichwa vitawadai huko juu.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi 1977, na mwaka 1987 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na wenyeji wa Moshi huiita kwa kifupi KINAPA. Tangu mwaka 1991 hakuna anayeruhusiwa kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Hata kama umezaliwa Kibosho na mlima umeuona kila siku tangu utoto, sharti hilo linakuhusu. Na kuomba ruhusa kabla ya kupanda si jambo la juzi. Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni Oktoba 1889, baada ya safari zake mbili za awali kushindikana, alikuwa ameanzia kwa Mangi, yaani chifu, Marealle wa Marangu.

Habari njema ni kwamba Kilimanjaro hakuna bahati nasibu. Kule Marekani, katika hifadhi ya Yosemite, anayetaka kufika juu ya mwamba wa Half Dome lazima ashinde droo, maana wanaoruhusiwa ni kama watu 300 tu kwa siku. Kwetu, mwenye sifa, fedha na maandalizi hupata kibali. Panapobana ni njia ya Marangu, ambako wapandaji hulala kwenye vibanda badala ya mahema: vitanda vikijaa, vimejaa. Anayetaka njia hiyo kati ya Julai na Oktoba, au kuelekea tarehe 9 Desemba ambapo misafara ya kuadhimisha Uhuru huwa mingi, asingoje wiki ya mwisho.

Anayeomba kibali ni kampuni

Kwa utaratibu wa kawaida mpandaji haombi kibali mwenyewe. Kampuni ya utalii yenye leseni ya kupandisha watu mlimani ndiyo huwasilisha maombi, hutaja njia, tarehe ya kuingia, idadi ya siku na majina ya wapandaji na ya watumishi, kisha hulipa ada kwa niaba ya wateja wake. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, kabla hujachagua hata viatu, ni kuichunguza kampuni. Omba uone leseni yake ya biashara ya utalii, ile ambayo wazoefu bado huiita TALA, na uangalie kama muda wake haujaisha. Kampuni yenye leseni haichukii kuulizwa. Ile inayoanza kukwambia habari za rafiki yake aliyeko getini, iache.

Malipo ya ada za hifadhi hayafanyiki kwa noti mkononi. Hutolewa kontrol namba ya serikali, ile inayoanza na 99, na fedha hupita benki au kwenye simu. Hapa ndipo mwananchi ana silaha ambayo hatumii: unayo haki ya kuiomba kampuni ikuonyeshe kontrol namba ya safari yako na risiti yake. Risiti ikionyesha siku sita wakati wewe umelipia saba, umejua mapema ukiwa bado mjini, ambako bado unaweza kudai haki yako. Ukija kujua ukiwa kambi ya Barranco, utashuka tu.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Hili linaonekana dogo, lakini watu hutuma jina la utani, au jina la ndoa wakati pasipoti ina la kabla ya ndoa, kisha asubuhi ya safari wanakaa getini wakisubiri marekebisho huku wenzao wameshaingia msituni.

Ada na namna ya kuzikagua

Ada zina madaraja matatu: raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana, wageni wanaoishi nchini kwa kibali cha ukaazi, na wageni kutoka nje. Daraja hufuata uthibitisho. Mtanzania aje na kitambulisho cha taifa au pasipoti, na mgeni mkaazi aje na kibali chake cha ukaazi. Lafudhi nzuri ya Kiswahili haithibitishi uraia.

Nitatumia viwango vya mgeni kutoka nje kuonyesha hesabu, kwa kuwa wasomaji wengi wana marafiki au wageni wanaowauliza. Mtu mzima hulipa dola 70 za uhifadhi kwa kila siku. Akilala kambini hulipa dola 50 kwa usiku, na akilala kwenye vibanda vya Marangu ni dola 60. Kuna dola 20 za uokoaji, ambazo hulipwa mara moja kwa safari. Juu ya hayo yote kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Chukua njia ya Machame kwa siku saba na usiku sita: 490 za uhifadhi, 300 za kambi, 20 za uokoaji, jumla 810. Ongeza kodi, unapata dola 955 na senti 80. Fedha hiyo yote inakwenda serikalini kabla mpishi hajanunua kitunguu.

Sasa mgeni wako akikuletea tangazo la siku saba za Machame kwa dola 1,100, kila kitu ndani, fanya kutoa. Zimebaki kama dola 144 za kumlipa mwongozaji na wasaidizi wake, wapishi na wapagazi, za chakula cha wiki nzima, mahema, usafiri, na faida ya mwenye kampuni. Haiwezekani bila mtu kudhulumiwa, na kwa kawaida anayedhulumiwa ni mpagazi. Mimi naona hesabu hii ingefaa kubandikwa ukutani katika kila hoteli ya Moshi na Arusha.

Siku ndizo unazonunua

Ada zinapohesabiwa kwa siku, mtu hutafuta siku za kukata. Mgeni anayekata siku moja kambini anaokoa dola 120 na kodi yake, yaani karibu 142. Ni fedha. Lakini tazama anachokiuza.

Hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, ina oksijeni kama nusu ya ile ya pwani kwa kila pumzi. Mwili unaweza kuizoea hali hiyo, ila kwa mwendo wake wenyewe: hupumua haraka zaidi, hubadili kemia ya damu, huongeza chembe nyekundu. Ndiyo maana madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya takriban mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne uwepo usiku wa kutulia. Linganisha na Marangu ya siku tano. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720, na usiku huohuo unaamshwa kuelekea kileleni. Ni mita elfu moja kila usiku, mara mbili ya ushauri. Marangu ya siku sita huongeza usiku wa pili Horombo, na mchana wake mnatembea mpaka Miamba ya Pundamilia kisha mnarudi kulala palepale. Siku hiyo moja wengi huiona ya kupoteza muda. Kwangu ndiyo siku yenye thamani kuliko zote katika njia hiyo.

Machame nayo ina mchezo wake. Mpangilio wa siku sita hukutoa Barranco moja kwa moja mpaka Barafu, kambi iliyo juu ya mita 4,600, unafika umechoka, unalala saa chache, na kuelekea usiku wa manane unaanza kupanda. Wa siku saba hukulaza kambi ya Karanga katikati. Tofauti ya mipangilio hii miwili ni hilo hema moja la Karanga. Njia ya Lemosho, kwa siku saba au nane, na njia inayozunguka upande wa kaskazini, ambayo hufika hata siku tisa, ni ghali zaidi kwa sababu hiyohiyo, na ni salama zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Vijana wenye nguvu ndio wanaonitia wasiwasi. Mtu anayekimbia kilomita kumi kila asubuhi hudhani mapafu yake yamemaliza kazi, kumbe kuzoea mwinuko hakufuati ukakamavu. Mwenye nguvu hupanda haraka na kuugua haraka. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo, na mwenye nazo asipande zaidi mpaka zipungue. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kutweta hali amekaa, huyo ubongo au mapafu yanajaa maji. Ashushwe mara moja, hata kama ni saa nane za usiku na kilele kinaonekana. Asetazolamaidi, dawa ambayo baadhi ya wapandaji huitumia, iandikwe na daktari kabla ya safari. Husaidia mwili kuzoea, lakini haichukui nafasi ya siku uliyoikata.

Kwa hiyo unapokaa na kampuni kujadili bei, bishaneni juu ya mengine. Hema la kulia chakula linaweza kuwa la kawaida. Choo cha kubebwa si lazima. Siku ziacheni.

Neno moja kuhusu ada ya uokoaji, kwa kuwa hueleweka vibaya. Ada hiyo huhusu huduma ya hifadhi ya kukushusha kwa ardhi, pamoja na ile machela ya gurudumu moja ambayo wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitwa, huikimbiza kwenye mawe kwa ustadi wa kushangaza. Hailipii helikopta. Helikopta hulipwa na bima, na bima iwe imetaja kupanda mlima mpaka mita 6,000. Bima nyingi za safari huishia chini zaidi ya hapo, kwenye maandishi madogo.

Siku ya kuingia

Fika asubuhi, na kwenye geti sahihi. Wanaopanda Lemosho hujiandikisha Londorosi. Wa Rongai mara nyingi huandikishwa Marangu kwanza, kisha husafirishwa kuzunguka mlima hadi Nalemuru, na safari hiyo ya gari hula saa kadhaa. Getini utaandika jina, umri, namba ya kitambulisho na kazi yako. Utaandika tena kila kambi. Usichoke na madaftari hayo, maana mtu akipotea ndiyo yanayosema alionekana wapi mara ya mwisho.

Mizigo hupimwa. Mpagazi hapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, kwa hiyo begi lako zito lina maana ya mpagazi mwingine kuajiriwa, au begi lenyewe kupunguzwa pale chini mbele ya watu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kote tangu tarehe 1 Juni 2019, na chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani. Njoo na chupa ya kudumu. Mtoto chini ya miaka 10 hapandi kileleni. Droni inahitaji kibali cha peke yake, na kulala ndani ya kreta ya kileleni kadhalika.

Mwishoni mwa safari, kwenye geti la kutokea, mwongozaji huthibitisha ulipofika na cheti huandikwa. Waliofika Uhuru hupata chao, na walioishia Gilman's Point au Stella Point, ukingoni mwa kreta chini ya Uhuru, wana chao pia. Aliyegeuzwa njiani na mwongozaji kwa sababu za afya asimlaumu. Huyo ameifanya kazi aliyopewa leseni kuifanya.

Na kama siku zote hizo hazimo kwenye likizo wala mfukoni, kipo kibali cha siku moja. Kutoka geti la Marangu unapanda kupitia msituni mpaka Mandara, unaongeza robo saa hivi hadi kreta ya Maundi, unatazama vilele vya Kibo na Mawenzi mawingu yakiruhusu, na jioni unashuka. Ada yake ni ya siku moja tu, na mwongozaji bado anahitajika. Vaa viatu vinavyoshika tope. Msitu ule hunyesha hata miezi ambayo Moshi mjini kuna vumbi.