Mashine: nyumba ya kusagia unga

Mtoto wa Manzese akitumwa "peleka mahindi mashine", haulizi mashine gani. Dar es Salaam neno hilo limebeba nyumba nzima: mzani mlangoni, kuta zenye vumbi jeupe, na ndani mashine mbili, ya kukoboa na ya kusaga. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kinu na mchi, au jiwe la kusagia. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha viwanda vikubwa vya unga, na 1968 likaundwa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Biashara ya nafaka ilipolegezwa miaka ya 1980, mashine za watu binafsi zikaongezeka mitaani.

Sembe na dona huachana kwenye mashine ya kwanza. Dona haipiti huko, inasagwa nzima. Mahindi ya sembe hunyunyiziwa maji kidogo ganda lilegee, kisha hukobolewa. Ganda na sehemu kubwa ya kiini hutoka kama pumba, ambayo wafugaji wa kuku huigombea. Gunia la kilo 100 hutoa sembe kilo 70 hivi, kutegemea mahindi yenyewe. Kiini ndicho chenye mafuta, ndiyo maana dona ina lishe zaidi lakini huwahi kuwa chungu. Nunua ya wiki mbili tu.

Ndani ya mashine ya kusaga kuna nyundo bapa za chuma, zinazozungushwa na mota kwa mikanda. Zinayapiga mahindi mpaka yapenye chekeche lenye matundu ya karibu milimita 1. Nyundo ina pembe nne. Moja ikilika, fundi hugeuza nyingine. Asipogeuza, mahindi hukaa ndani yakipondwa na unga hutoka wa moto sana. Chekeche likitoboka, utaona chenga kwenye ugali. Mahindi yasiyokauka huziba matundu. Mota za njia tatu, yaani zinazolishwa na nyaya tatu za umeme, zina adui mmoja mkubwa: njia moja ya umeme ikikatika, mota huunguruma na kuungua isipozimwa upesi.

Unga ukitoka, usiufunge ukiwa na joto: mvuke hugeuka maji mfukoni, mabonge na ukungu hufuata. Utandaze kwanza upoe. Na kama aliyekutangulia alisaga muhogo, mwambie fundi apitishe kilo moja ya mahindi yako kuondoa mabaki, aiweke pembeni, ndipo amimine yaliyobaki.